Kuzuru Visiwa vya Lamu Wakati wa Kusi

Natumaini kila mmoja amekaa vizuri, na daftari lake na kalamu yake viko tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ya Kenya ukutani, mahali ambapo hata waliokaa nyuma wataiona.

Somo letu la leo ni habari za safari. Mara nyingi mtu akifikiri habari za matembezi ya pwani, huwaza jua, mchanga mweupe, na bahari iliyotulia kama maji ndani ya sufuria. Leo hatutasafiri wakati huo. Tutasafiri wakati wa upepo na mvua, wakati ambao wageni wengi hukaa makwao. Tutakwenda visiwa vya Lamu wakati wa kusi.

Kuna jambo moja ambalo nataka mlishike toka mwanzo wa somo hata mwisho. Ni hili: wakati wa kusi msafiri hutumia pesa kidogo, lakini hutumia siku nyingi. Anayelikubali jambo hili ataifurahia safari yake. Anayelikataa atapata hasara, tena anaweza kuhatarisha roho yake na roho za wenziwe. Sikilizeni mjue kwa nini.

VISIWA VYENYEWE

Tazameni ramani. Anzeni Mombasa, mfuate pwani kwenda kaskazini. Mtapita Malindi, mtapita mdomo wa Mto Tana, na kabla ya kufika mpaka wa Somalia mtaona visiwa vimejipanga karibu na bara. Hivyo ndivyo visiwa vya Lamu. Vikubwa ni vitatu: Lamu, Manda na Pate. Mbele ya Pate viko Ndau na Kiwayuu, na viko vidogo vingine vingi.

Mji wa Lamu uko katika kisiwa cha Lamu. Ni mji wa zamani sana. Nyumba zake ni za mawe, na njia zake ni nyembamba, hata gari haliwezi kupita. Kwa hiyo mizigo mingi huchukuliwa na punda. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia mji huo katika orodha ya mahali penye urithi wa dunia nzima.

Msafiri atokaye Nairobi au Mombasa anaweza kwenda kwa ndege mpaka kiwanja cha Manda, au kwa basi mpaka Mokowe, ambayo iko bara. Lakini kwa njia yoyote ile, sehemu ya mwisho ya safari ni ya maji. Hakuna daraja la kufika mji wa Lamu. Lazima upande chombo. Mkikumbuka hilo mtaelewa kwa nini kule Lamu upepo ni jambo la kila mtu, si la mabaharia peke yao.

UPEPO WA KUSI HUTOKA WAPI?

Watu wa pwani huugawa mwaka kwa pepo. Kuna pepo mbili kubwa. Upepo wa kwanza ni kaskazi. Huo hutoka upande wa kaskazini na mashariki, nao huvuma tangu Desemba hata Machi. Hiyo ni miezi ya joto. Upepo wa pili ni kusi. Huo hutoka upande wa kusini. Huanza mwezi wa Aprili, hupata nguvu sana Juni, Julai na Agosti, kisha hupungua kuanzia Septemba. Katikati ya pepo hizi mbili kuna siku ambazo upepo hautulii upande mmoja; leo huku, kesho kule. Siku hizo huitwa maleleji, au tanga mbili.

Lakini je, kwa nini upepo hubadilika? Fikirini jiko la mkaa. Hewa iliyo juu ya moto hupata joto, ikawa nyepesi, ikapanda juu. Hewa nyingine, ya baridi, huja kutoka pembeni kuchukua nafasi yake. Dunia nayo ina jiko lake. Tangu Mei hata Agosti jua huwa upande wa kaskazini, nalo huipasha moto nchi kavu ya Asia, hasa Bara Hindi na Uarabuni. Hewa ya huko hupanda. Ndipo hewa ya baridi kutoka Bahari ya Hindi, upande wa kusini, hukimbilia kule ilikopungua.

Ikifika Afrika Mashariki hukuta milima na nchi za juu, ikazuiwa kama maji yanavyozuiwa na ukuta. Basi hufuata pwani kwenda kaskazini. Hupita Lamu, hupita Somalia, kisha hukata kulia kuelekea Bara Hindi, ambako huleta mvua kubwa. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa, John Findlater, alionyesha kwamba upepo huu huenda kama mto wenye kasi, kiasi cha mita 1,500 juu ya nchi. Kwa hiyo visiwa vya Lamu vimekaa njiani. Upepo ukienda India hupita mlangoni pao.

KWA NINI WAGENI HUPUNGUA

Wageni hupungua hasa Aprili, Mei na Juni. Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni mvua ya masika. Kule Lamu mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kupita miezi yote.

Sababu ya pili ni bahari. Mawimbi ni makubwa, na maji huchafuka, hata mtu apendaye kuzamia kutazama samaki haoni kitu.

Sababu ya tatu ni barabara. Mafuriko ya Mto Tana yamewahi kuikata barabara ya kwenda Lamu, na mabasi yakakwama. Tena barabara hiyo imewahi kupata mashambulio. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, ni lazima kuuliza habari za maji na habari za usalama.

Wageni wakipungua, nyumba nyingine za wageni hufungwa, zikatengenezwa na kupakwa chokaa. Zilizobaki wazi hupunguza bei ya vyumba. Wazee walisema, "Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi." Pakacha ni kikapu cha makuti. Likivuja, mwenye mali hupata hasara, lakini aliyelibeba huona mzigo umepungua. Ndivyo ilivyo hapa. Mwenye nyumba anapata hasara, na mgeni anapata nafuu.

Lakini msidhani kila kitu hushuka bei. Wakati wa kaskazi wavuvi hutoka hata nje ya miamba. Wakati wa kusi wengi huvua ndani tu, karibu na mikoko, kwa sababu nje hakuendeki. Samaki hupungua, na bei yake hupanda. Basi usishangae ukiona chumba ni rahisi na samaki ni ghali. Sababu yake ni upepo ule ule.

MAMBO MAZURI YA WAKATI HUO

Je, mtu akienda wakati huo ataona nini? Ataona mambo mengi.

Kwanza, ataona hali ya hewa ya baridi kidogo. Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, joto la mchana ni kiasi cha nyuzi 28 tu, na upepo huingia nyumbani vizuri. Mtu wa bara atalala bila kutoka jasho.

Pili, atapata watu wenye nafasi ya kuzungumza. Wakati wa wageni wengi kila mtu ana shughuli. Wakati wa kusi watu hukaa barazani, na mgeni mwenye adabu, anayeamkia watu na kuvaa nguo za heshima, atakaribishwa. Atasikia mengi.

Tatu, ataona kazi ya vyombo. Katika kisiwa cha Lamu kuna kijiji kiitwacho Matondoni, kinachojulikana kwa mafundi wa kuunda majahazi na mashua. Tangu zamani wakati wa kusi ni wakati wa kukokota vyombo pwani na kuvitengeneza. Mafundi hukalafati, yaani hutia pamba yenye mafuta katika nafasi za mbao ili maji yasiingie. Matanga hushonwa. Mtu aliyesafiri katika mashua siku nyingi bila kujua inavyoundwa anaweza kusimama hapo akajifunza.

BAHARI HAINA MZAHA

Sasa tumefika katika kiini cha somo. Mgeni amefika Lamu. Anataka kwenda Kiwayuu, kisiwa kilicho mbali upande wa kaskazini. Anakwenda gatini, anamkuta nahodha mzee. Sikilizeni mazungumzo yao.

MGENI: Shikamoo, nahodha.

NAHODHA: Marahaba, mwanangu. Karibu. Habari za bara?

MGENI: Njema, mzee. Nataka unipeleke Kiwayuu leo.

NAHODHA: Leo hapana. Nje kumechafuka.

MGENI: Lakini mbona hapa maji yametulia?

NAHODHA: Hapa tumekingwa na kisiwa cha Manda. Nenda Shela, kwenye mlango wa bahari, utazame mawimbi yanavyovunjika.

MGENI: Basi nitaongeza pesa. Nitakulipa mara mbili.

NAHODHA: Pesa naitaka, mwanangu. Hii ni wiki ya pili sijapata abiria. Lakini injini ikizimika kule nje, pesa zako hazitaiwasha.

MGENI: Jumatatu lazima niwe kazini.

NAHODHA: Upepo haujui Jumatatu. Ngoja mpaka kesho. Maji yatajaa asubuhi. Tutapita Mkanda, ndani kwa ndani kwenye mikoko, kisha tutavuka kwenda Pate kabla upepo haujapata nguvu. Kiwayuu utaiona siku nyingine.

MGENI: Haya, mzee. Nimekubali.

NAHODHA: Uje alfajiri. Wala usije na mzigo mkubwa.

Wanafunzi, mgeni huyu alikosa mara mbili. Kosa la kwanza ni kuipima bahari kwa maji ya gatini. Mji wa Lamu umeelekea kisiwa cha Manda, na katikati yao kuna mlango mwembamba wa maji. Hapo mara nyingi maji ni matulivu, hata siku ambayo nje mawimbi ni makubwa.

Kosa la pili ni baya zaidi. Alitaka kuishinda hofu ya nahodha kwa pesa. Fikirini vizuri. Wakati wa wageni haba, nahodha hana kazi. Nyumbani kuna watoto, na ada ya shule inangoja. Siku hizo pesa za mgeni zina nguvu kuliko wakati wowote wa mwaka. Nahodha huyu alikataa. Mwingine, mwenye shida kubwa, huenda asiweze kukataa. Atajua kwamba si vizuri kutoka, lakini atatoka. Basi mgeni anayeongeza pesa ili chombo kitoke katika bahari mbaya hamsaidii nahodha. Anamnunua pamoja na busara yake. Na mgeni anayekataliwa na manahodha wanne, akazunguka gatini akimtafuta wa tano, anamtafuta mtu mwenye shida kuliko wote. Huyo siye baharia bora kuliko wote.

Msidhani haya ni maneno ya kutisha tu. Upepo wa kusi huvuma Zanzibar pia, na huko tumepata mafunzo machungu. Usiku wa tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama baharini kati ya Unguja na Pemba. Ilikuwa imepakia watu wengi kupita kiasi. Mamia ya watu walikufa. Mwaka wa pili yake, tarehe 18 Julai, 2012, meli ya MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Watu wengi walikufa tena. Hizo zilikuwa meli zenye injini. Sembuse mashua ndogo?

Tena kumbukeni manahodha wa zamani. Majahazi ya Arabuni na India yalikuja kwetu kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Lakini kusi ilipopata nguvu zake zote, mwezi wa Juni na Julai, majahazi makubwa hayakutoka. Watu walisema bahari imefungwa. Manahodha hao walizijua nyota na waliijua njia. Hata hivyo walingoja wiki nyingi. Sisi tusiojua kitu tutashindwaje kungoja siku moja?

MAJI KUJAA NA MAJI KUPWA

Nahodha alisema watapita Mkanda. Mkanda ni njia nyembamba ya maji kati ya bara na kisiwa cha Manda. Pande zote mbili kuna mikoko, kwa hiyo mawimbi ya nje hayafiki. Lakini maji yake si ya kina. Yakipwa, chombo huweza kukwama matopeni. Ndiyo sababu nahodha husubiri maji yajae.

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili katika mchana na usiku mmoja. Lakini hayajai saa ile ile kila siku. Kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo chombo kilichoondoka saa mbili leo, kesho kitaondoka karibu na saa tatu. Saa ya kuondoka hupangwa kwa maji.

MAMBO MATANO YA KUKUMBUKA

Andikeni katika daftari zenu.

1. Weka siku za akiba. Ukitaka kukaa siku nne, chukua ruhusa ya siku sita. Tena weka pesa za chakula na malazi za siku hizo mbili.

2. Sikiliza taarifa za Idara ya Hali ya Hewa. Siku hizi hutangazwa katika redio na hufika katika simu. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi, usibishe.

3. Nahodha akisema hapana, shukuru. Akisema ndiyo, lipa bei ya haki. Usimbane mtu kwa sababu ya shida yake.

4. Kabla chombo hakijang'oa nanga, vaa jaketi la kujiokolea, uhesabu kama yako ya kutosha watu wote. Kama hayatoshi, au kama chombo kimejaa mno, shuka. Aibu ya kushuka itakwisha siku hiyo hiyo.

5. Chukua chandarua, maana baada ya mvua mbu ni wengi. Funga nguo na karatasi zako zisilowe.

KUSI SI ADUI

Kabla ya kuagana, nataka kuwapeleka mahali pamoja tu. Twendeni Shela kwa miguu. Ni mwendo wa chini ya saa moja kutoka mjini. Mbele yake kuna pwani ndefu, kiasi cha kilometa 12, iliyoelekea bahari kuu. Nyuma ya pwani hiyo kuna vilima vya mchanga. Ni upepo uliovijenga, mwaka baada ya mwaka, kwa kuuchukua mchanga mkavu na kuurundika.

Mtu asiyejua ataona mchanga mtupu. Lakini ndani ya vilima hivyo kuna maji. Mvua ya masika ikinyesha haipiti juu ya mchanga, huzama ndani. Huko chini maji ya mvua, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hukaa juu yake. Visima vya Shela huyafikia, na maji hayo hunywewa na watu wa mji wa Lamu. Ndiyo sababu wenye kujua hukataza kujenga juu ya vilima hivyo, au kuchota maji kupita kiasi. Maji matamu yakipungua, ya chumvi hupanda kuchukua nafasi yake, na kisima kikiingiwa na chumvi si rahisi kukiponya.

Basi mvua ile ile inayowafukuza wageni ndiyo inayojaza visima, na upepo ule ule unaofunga bahari ndio uliojenga ghala la maji. Mgeni anayekuja wakati wa kaskazi hunywa maji hayo bila kujua yalikotoka. Anayekuja wakati wa kusi anaweza kusimama pale Shela, akapigwa na upepo na kuloweshwa na mvua, akaona ghala likijazwa mbele ya macho yake.

Wanafunzi wapenzi, "Msafiri maskini, ajapokuwa sultani." Maana yake, mtu akiwa safarini huwategemea watu wa mahali pale. Ukienda Lamu wakati wa kusi, nenda na subira, wala usiwe na haraka ya kurudi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Gati: mahali pa kupakia na kushukia vyombo.
Nahodha: mkubwa wa chombo.
Kusi: upepo utokao kusini.
Kipupwe: miezi ya baridi katikati ya mwaka.
Mikoko: miti iotayo katika maji ya chumvi.
Kupwa: maji kurudi nyuma na kuacha pwani wazi.

MASWALI

1. Taja visiwa vitatu vikubwa vya Lamu.
2. Kwa nini bei ya samaki hupanda wakati wa kusi?
3. Ikiwa maji yamejaa saa moja asubuhi leo, kesho asubuhi yatajaa karibu saa ngapi?
4. Kwa nini ni vibaya kumwongezea nahodha pesa aliyekataa kutoka?
5. Andika barua fupi kwa ndugu yako anayetaka kwenda Lamu mwezi wa Juni. Mweleze mambo mawili ambayo lazima ayafanye kabla ya kuondoka.

Someni jibu la swali la nne kwa sauti, kila mtu lake, kisha mzungumze pamoja na mwalimu wa darasa. Huenda majibu yasiwe sawa, na hilo si kosa.

Mpaka somo lijalo, kwaherini.